Steki ya Geto: Nyama Ndani, Mkaa Nje

Leo tunaingia jikoni. Na wewe kaka unayetaka kufungua ukurasa mwingine kwa kuwa mapishi ni mambo ya dada zako, hebu kaa kwanza. Tumbo halina jinsia, na ukishapanga chumba hakuna wa kukupikia.

Tukipita mashuleni kuzungumza habari za lishe, kuna swali halikosekani, hasa kutoka kwa wanafunzi waliopanga mitaani kwa sababu kwao ni mbali na shule. "Dada, sisi tutakulaje nyama nzuri? Jiko la kuchomea hatuna, uani ni kwa mwenye nyumba, na chumba chenyewe ni hicho hicho kimoja." Wakisema nyama nzuri najua wana maana gani. Siyo ile ya mchuzi mrefu, vipande vitatu vinaogelea. Ni ile ya Jumamosi jioni, iliyoungua kidogo kwa juu, inayonukia mpaka barabarani.

Jibu ni kwamba inawezekana, na huhitaji jiko la kuchomea. Kikaango kimoja, kipande cha steki, chumvi na dakika kumi tu. Lakini kuna njia nyingine ambayo wengi huifikiria kwanza, nami niliwahi kuifuata. Hiyo ndiyo inanifanya niandike makala hii.

Usiku ule wa masika

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Tulipanga chumba wawili, mimi na rafiki yangu. Siku hiyo boom lilikuwa limeingia, tukanunua nusu kilo ya nyama na mkaa wa kopo. Tukawasha jiko nje, mvua ikaanza. Tukasubiri mkaa ushike vizuri, uwe mwekundu kabisa bila moshi hata kidogo, kisha tukauingiza ndani. Tulijiona wajanja: moshi umeisha, hatari gani tena? Tukaweka waya juu ya jiko, tukafunga mlango kwa ajili ya mvua, na dirisha kwa ajili ya mbu.

Nyama ilikuwa tamu, sidanganyi. Tulikula tukiongea. Baada ya muda kichwa kikaanza kuniuma, nikadhani ni uchovu. Rafiki yangu akasema anasikia kichefuchefu, akalaumu nyama. Akainuka kwenda nje, hakufika mlangoni. Miguu ilimwishia pale pale. Mimi nilimwona akianguka, na cha ajabu ni kwamba sikushtuka. Nilikuwa na usingizi mzito, nikajisemea atainuka tu. Aliyetuokoa ni mama wa chumba cha pili aliyekuja kuomba kiberiti, akabisha hodi, akasikia kimya huku taa inawaka. Akasukuma mlango.

Tulilala hospitali usiku ule. Rafiki yangu alipona, ila kichwa kilimsumbua kwa siku kadhaa.

Basi tuelewe kilichotokea, kwani kinatokea tena na tena kila msimu wa mvua na baridi. Mkaa ni kaboni. Ukiungua penye hewa ya kutosha unatoa hewa ya ukaa, CO2. Ukiungua ndani ya lundo la makaa ambako oksijeni ni chache, unatoa kaboni monoksaidi, yaani CO. Kwenye daftari la kemia tofauti ni namba moja ndogo tu pale chini. Kwenye mwili tofauti ni kubwa. Damu yako hubeba oksijeni kwa kutumia himoglobini, na CO hushikana na himoglobini hiyo hiyo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo unapumua kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni.

CO haina rangi wala harufu, na haiwashi macho. Moshi ungekufanya ukohoe ukatoka nje. Hewa hii haikufukuzi. Na ule mkaa mwekundu usio na moshi, tunaouona ndio salama, ndio unaoitoa kwa wingi. Hata ukianza kufunika jivu bado unatoa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na usingizi. Unaona zinavyofanana na malaria, au na kulishwa chakula kibovu? Alama moja ya kukuzindua ni hii: mkiwa wawili au watatu chumbani na wote mnaumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Ukimkuta mtu ameanguka kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango wazi, mvute nje haraka, piga kelele upate msaada, kisha apelekwe hospitali. Daktari aambiwe habari ya mkaa, asije akahangaika na vipimo vya malaria peke yake. Dawa ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida CO huchukua saa nne mpaka tano kupungua nusu kwenye damu. Kwa oksijeni safi ya hospitali ni kama saa moja hadi moja na nusu. Mambo ya kumnywesha maziwa hayasaidii kitu, na mtu aliyezimia anaweza kupaliwa nayo.

"Je, nikifungua dirisha?" Swali zuri. Dirisha moja halitoshi kwa mkaa. Jiko la mkaa likae nje, likiwaka na likizimika. Mvua ikinyesha lisogeze kibarazani palipo wazi, lisiwe chini ya dirisha la mtu. Ndani tumia gesi au jiko la umeme, na dirisha liwe wazi. Siku hizi ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, wenye jiko juu yake, umeingia mpaka vijijini. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Jiko la mchina la mafuta ya taa nalo linataka dirisha wazi, na usitegemee nyama isinukie mafuta ya taa. Kama una mkaa tu, usikate tamaa: weka kikaango juu ya mkaa hapo nje, upike vile vile.

Gesi nayo ina adabu zake. Ukisikia harufu yake wakati jiko limezimwa, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa. Funga valvu, fungua mlango. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, hivyo mlango unasaidia kuliko dirisha la juu.

Twende buchani

Hapa kwetu steki ni neno la bucha. Ukisema "steki" unapewa nyama isiyo na mfupa, ya sehemu yoyote, mara nyingi ya paja. Ukitaka iliyo laini zaidi uliza sarara, ambayo wengi wanaiita fileti. Bei yake iko juu. Kwa mfuko wa mwanafunzi paja linatosha, ilimradi uongee vizuri: "Kaka, shikamoo. Naomba robo ya steki, usinikatie vipande vya mchuzi. Nikatie mapande mawili mapana, unene wa kidole." Robo hiyo ni ya watu wawili. Shikamoo kwa kaka wa bucha haipotei, utaona kwenye mizani.

Kabla hujalipa, angalia mhuri wa mkaguzi kwenye nyama iliyotundikwa. Siyo pambo ule. Mkaguzi anaangalia magonjwa ambayo wewe huwezi kuyatambua, kama kimeta na kifua kikuu. Anaangalia pia vifuko vya tegu, vyeupe kama punje, vinavyokaa katikati ya nyama. Nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe porini, au ya kuuziwa uchochoroni kwa bei poa, iache hata kama una njaa ya siku tatu.

Na kwa nini tuhangaike na nyama hata hivyo? Mojawapo ya sababu ni damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba karibu wanawake 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Dada anayepata hedhi kila mwezi anapoteza madini ya chuma, na madini ya chuma yaliyo kwenye nyama nyekundu mwili huyachukua kirahisi kuliko yale ya mboga za majani. Kipande kidogo cha nyama kikiliwa pamoja na mchicha husaidia hata chuma cha mchicha kuingia. Sisemi ule steki kila siku. Hata mshahara wangu hauruhusu.

Mbona yangu inakuwa ngumu kama soli?

Wengi waliojaribu steki ya kikaango wana malalamiko mawili: ni ngumu, na imekuwa ya kijivu kama ya kuchemsha. Yote yana sababu.

Ugumu kwanza. Ng'ombe wetu wengi ni zebu wa kienyeji, waliokula majani na kutembea masafa marefu, wengine wakiwa na umri mkubwa. Misuli iliyofanya kazi ina nyuzi imara. Zaidi ya hapo, ng'ombe amechinjwa usiku na asubuhi nyama iko bucha, wakati misuli bado imekakamaa baada ya kufa. Nchi nyingine nyama hukaa kwenye baridi siku nyingi mpaka ilegee yenyewe. Sisi tunasifu "nyama ya leo", na kwa mtu asiye na friji ni sawa kabisa kuisifu, maana nyama ya jana isiyo kwenye baridi ni ugonjwa.

Kwa hiyo tunailegeza kwa mikono. Iweke kwenye ubao, ipige kwa mchi au kitako cha chupa, taratibu, mpaka inatanuka. Njia nyingine wanaijua sana wachoma mishkaki wa Pwani: papai bichi. Utomvu wake una kimeng'enya kinachoitwa papeni ambacho hukata protini, kazi ile ile inayofanyika tumboni mwako. Kwaruza papai bichi kijiko kimoja, pakaza pande zote, acha nusu saa. Usiache usiku kucha, utaamka na uji. Kisha lifute lote.

Sasa ukijivu. Siri yake ni maji, na hapa ndipo fizikia ya darasani inapoliwa. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Ile rangi ya kahawia na ile harufu inayofanya jirani afungue mlango hutokea pale protini na sukari ndogondogo za nyama zinapokutana kwenye joto kali, kama nyuzi 140 na kuendelea. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeieleza kemia hiyo mwaka 1912, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Sasa kama nyama imelowa, moto wote unatumika kukausha maji kwanza, na maji yakiwepo juu ya nyama joto lake halivuki 100. Nyama inajichemsha. Hivyo kausha. Futa kila upande kwa karatasi safi au kitambaa kilichofuliwa mpaka mkono ukiigusa hauteleziteleze. Ukiniuliza jambo moja tu la kushika katika makala yote kuhusu ladha, ni hilo. Viungo vya paketi havifui dafu mbele ya nyama iliyokaushwa.

Chumvi tia dakika moja kabla ya kuiweka kwenye moto. Chumvi ikikaa dakika kumi inavuta maji juu, na tumeshaona maji yanavyofanya.

Kwenye moto

Kikaango kizito ni bora, kwa kuwa hakipoi nyama inapotua. Kama huna, sufuria nene ya kawaida itafanya kazi. Kiweke kikavu kwenye moto mkubwa dakika mbili tatu. Kujua kama kimefika, dondoshea tone moja la maji. Likichemka na kukauka, bado. Likijikunja kuwa gololi na kukimbiakimbia juu ya chuma, tayari. Gololi hiyo inaelea juu ya mvuke wake yenyewe. Daktari mmoja wa Kijerumani, Leidenfrost, aliandika habari zake mwaka 1756. Fanya jaribio hilo kabla ya mafuta, narudia, kabla ya mafuta. Tone la maji kwenye mafuta ya moto litakurukia usoni. Na kama kikaango chako ni kile cha kutoshika chakula, usikipashe kitupu namna hiyo. Tia mafuta kidogo mapema na tumia moto wa wastani.

Sasa mafuta, kijiko kimoja cha chakula tu. Laza pande la nyama ukianzia upande ulio karibu nawe kwenda mbali, ili mafuta yakiruka yaruke kule. Utasikia chwaaa. Usilijaze kikaango, mapande mawili yakibanana yanatoa maji, pika moja moja. Acha dakika tatu bila kuligusa. Najua mkono unawasha, lakini acha. Likishaiva upande huo litajiachia lenyewe kwenye chuma. Geuza, dakika tatu nyingine. Kisha punguza moto, funika kwa dakika mbili au tatu ili joto lifike katikati.

Watu wanasema moto mkali "unafunga utamu ndani". Maneno hayo ni ya zamani, na aliyeyapa nguvu katika karne ya 19 ni mwanakemia mkubwa, Mjerumani Justus von Liebig. Lakini si kweli. Sikiliza tu: ile chwaaa ni maji ya nyama yanayotoka na kukauka. Kama yangefungwa, kikaango kingekuwa kimya. Moto mkali unaleta rangi na harufu, basi, na hiyo inatosha.

Iive kiasi gani? Kwenye filamu unaona mtu anakata steki, katikati nyekundu, anatabasamu. Hoja yao ni kwamba bakteria wanakaa juu ya nyama, na juu pameungua. Hoja hiyo ina ukweli, lakini sisi tumeiponda, tumesukuma cha juu kwenda ndani. Halafu yupo tegu. Yeye hakai juu, anakaa katikati ya msuli akisubiri mtu wa kumla. Akifika utumbo wako anakua mpaka mita kadhaa, na anaweza kuishi humo miaka. Ethiopia, ambako kula nyama mbichi ya ng'ombe ni desturi ya heshima, tegu anajulikana kiasi kwamba mti wa koso ulipata sifa kwa maua yake kutumika kama dawa yake. Shirika la Afya Duniani linashauri nyama ifike nyuzi 70 katikati, na huna kipimajoto, kwa hiyo kata kidogo pale penye unene zaidi. Ukiona wekundu, rudisha. Na kama tayari umeona vipande vyeupe bapa kama utepe kwenye choo au nguo ya ndani, nenda kituo cha afya. Vidonge vipo, na mhudumu amewaona wengi kabla yako.

Palipoungua kabisa mpaka peusi kama mkaa, kata utupe.

Likitokea baya jikoni, yaani mafuta yakashika moto, zima gesi na funika kikaango kwa mfuniko. Usimwage maji, moto utaruka mpaka kwenye neti ya kitanda. Ukiungua mkono, weka chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno ni ya meno.

Nyama ikitoka, iache kwenye sahani dakika tatu kabla ya kuikata, maji yake yatulie. Wakati huo usioshe kikaango! Yale mabaki ya kahawia yaliyogandia chini ndiyo utamu wenyewe. Tia kitunguu, nyanya moja, maji nusu kikombe, kwaruza kwa mwiko, kamulia ndimu. Umepata mchuzi wa ugali. Kata steki vipande vyembamba kwa kukinzana na nyuzi zake, ukiona mistari inaenda kushoto kulia wewe kata juu chini. Nyuzi zikiwa fupi jino halipati kazi.

Kula na mchicha au matembele. Chai iache mpaka baadaye kidogo, saa moja hivi, kwa sababu inazuia madini ya chuma ya mboga. Kikibaki kipande na huna friji, usikilaze mpaka asubuhi. Gonga mlango wa jirani. Mimi yule mama wa chumba cha pili nilikuwa namkatia kipande kila nilipopika, mpaka tulipohama.